Kushusha Motokaa Si Kukata Springi
Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi la mafundi wa gereji



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme machache juu ya kazi moja iingiayo katika gereji yetu, nayo ni kushusha motokaa za zamani za michezo upande wa mbele. Sisi tunaosema ni mafundi wanne wa gereji moja, wa upande wa springi na usukani. Hatukusoma chuo kikuu. Tuliyo nayo tuliyapata chini ya gari, tumelala juu ya gunia. Basi tutasema yale tuyajuayo kwa mikono yetu, na mwisho tutaleta maombi manne mbele ya mkutano huu.

Huenda mwanachama akauliza: Kazi ya kupendezesha motokaa za watu wenye nafasi yahusu nini chama cha wafanyakazi? Ndugu, yahusu sana. Motokaa ni yao, lakini mikono inayofungua springi ni yetu. Na springi haimjui tajiri wala kibarua. Humpiga yule aliye karibu.

MFANO WETU

Tutachukua motokaa moja iwe mfano, ili tusizunguke. Ni Datsun 240Z. Wazee wengi hapa waikumbuka. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1969, ina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na uzito wake ni kama tani moja. Mwaka 1971 motokaa ya namna hii ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, na safari hii dereva alikuwa Shekhar Mehta, pamoja na Lofty Drews. Mehta alilingana alama na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya namna nyingine, na ikabidi kutazama nani alikwenda mbali zaidi bila kukatwa alama. Watoto walijazana kando ya barabara kuziona zikipita na vumbi lake.

Twataja habari hii kwa sababu moja. Motokaa zile za Safari hazikushushwa. Ziliinuliwa. Mafundi waliozitengeneza waliitazama barabara kwanza, wakaona mawe, mito na mashimo, kisha ndipo wakachagua springi. Na hata katika mashindano ya motokaa za zamani yaliyoanza hapa mwaka 2003, magari huinuliwa vivyo hivyo. Fundi hupima barabara kabla ya kushika spana.

Sasa akaja mwenye gari mmoja na 240Z yake, imepakwa rangi vizuri, yang'aa. Alikuwa ameona picha za ng'ambo, magari ya namna hiyo yakiwa yamelala chini hata tairi zimeingia ndani ya madigadi. Akamwambia tajiri wetu: “Nishushieni mbele inchi tatu. Kateni springi tu. Nitakuja saa kumi.” Tajiri akakubali, akaandika bei ya kukata springi mbili. Kisha akatuletea sisi karatasi.

Hapo ndipo shauri lilipoanza.

KWA NINI SI KUKATA TU

Vijana, sikilizeni vizuri. Katika gari hili kila gurudumu la mbele limeshikwa na nguzo moja. Nguzo hiyo ni bomba la chuma, ndani yake mna shoki, na juu yake imezungushwa springi. Kichwa cha nguzo kimefungwa kwenye bodi kwa nati tatu, pale ndani ya boneti. Mguu wa nguzo umekaa juu ya boljointi, na boljointi imeshikwa na mkono wa chini, ule unaotoka kwenye krosmemba katikati ya gari. Kando yake kuna tairodi, inayovuta gurudumu wakati dereva anapogeuza usukani. Basi ukifupisha springi, si springi peke yake iliyobadilika. Bodi yashuka, na kila kitu kilichofungwa hapo chabadilisha pembe yake.

Tuhesabu pamoja.

Kwanza, springi yenyewe. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu wake wapanda kwa sehemu moja ya saba. Kwa hiyo gari halishuki tu, bali laruka zaidi, na shoki ya zamani haiwezi kulituliza. Tena springi iliyokatwa fupi mno, gari likipita juu ya tuta na gurudumu likaning'inia, hulegea katika kiti chake. Ikirudi vibaya, imekwisha hama. Hilo laweza kutokea katika mwendo, mtoto wa mtu akiwa ndani.

Na wako wanaochoma springi kwa gesi mpaka inakuwa nyekundu, ikae chini yenyewe. Ndugu, hiyo ni kuua chuma. Springi ilipikwa kiwandani kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa namna iliyopimwa. Ukiichoma ovyo, nguvu ile imekwenda. Leo upande wa kulia umeshuka inchi mbili na wa kushoto inchi moja na nusu. Baada ya mwezi yote miwili imelala. Mwenye kufanya hivyo asijiite fundi.

Pili, shoki. Nguzo ilipimwa ili shoki iwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka. Ukiliteremsha gari inchi tatu kwa springi tu, umekula nafasi yote ya kupanda. Basi kila shimo la barabara shoki hugonga chini, na pigo huenda moja kwa moja katika bodi. Kwa kawaida inchi moja yaweza kupatikana kwa springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukitaka kufika mbili, hapana budi bomba la nguzo likatwe, lichomelewe upya, na litiwe shoki fupi zaidi. Hapo bomba lazima likauke mafuta yote kwanza, maana moto wa kuchomelea ukikuta mafuta utakula uso wako. Lazima linyooke kabisa, na ule mstari wa kuchomelea uzunguke pote bila tundu. Hii ni kazi ya siku nzima kwa mtu ajuaye, si kazi ya kumaliza saa kumi.

Tatu, mkono wa chini. Hili wengi hawalijui, nalo ndilo la ajabu kuliko yote. Gari likiwa katika urefu wake, mkono wa chini hulala karibu sawasawa na ardhi, au huinama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Ukiliteremsha sana, mkono waelekea juu kwenye gurudumu. Kila motokaa ina mahali ambapo bodi yake hulalia wakati wa kona, kama mlango unavyozunguka juu ya bawaba. Mikono ikielekea juu, bawaba ile huzama chini upesi kuliko bodi ilivyoshuka. Uzito wa gari wabaki juu, bawaba iko mbali chini, na kitu cha kuusukumia gari kimekuwa kirefu zaidi. Kwa hiyo motokaa iliyoshushwa vibaya yaweza kulala katika kona zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kushushwa! Mwenyewe amelipa fedha ili gari lishike barabara, naye amenunua kinyume chake.

Nne, tairodi. Mkono wa chini na tairodi husafiri pamoja, kila mmoja ukichora sehemu ya duara. Katika urefu wa kiwandani miduara hiyo hupatana. Ukibadilisha pembe, hupishana, na gurudumu likipanda juu ya tuta lageuka lenyewe, usukani usiguswe. Dereva huhisi gari linatafuta njia yake. Katika barabara ya lami yenye mabonde, mwendo wa maili 60 kwa saa, hiyo si kasoro ndogo.

Tano, mpira. Gurudumu hulala kwa ndani upande wa juu, na mpira huliwa upande mmoja. Baada ya kushusha, magurudumu yote mawili ni lazima yapimwe upya yaelekee sawa.

DAWA YAKE

Hatusemi kazi hii haiwezekani. Yawezekana, na fundi aijuaye hujivunia. Kuna vipande vya chuma, unene wake kama inchi moja, vinavyotiwa kati ya mguu wa nguzo na ule mkono unaobeba boljointi na tairodi. Kipande hiki huishusha boljointi pamoja na tairodi, hata mkono wa chini ukarudi katika pembe yake. Bolti zake ziwe ndefu zaidi na za chuma kigumu kinachofaa, si bolti yoyote iliyookotwa katika kopo. Na kabla ya kufunga, utazame kama gurudumu litaguswa.

Wengine hutoboa tundu jipya katika krosmemba na kuipandisha bolti ya ndani ya mkono robo tatu ya inchi juu, na robo inchi kwenda nje. Nayo ni dawa njema kwa magari ya mashindano. Lakini tundu likikwisha tobolewa halirudi. Pima mara tatu, toboa mara moja.

Na kupima si lazima mashine ya bei kubwa. Ondoa springi, funga nguzo bila hiyo, kisha inua gurudumu kwa jeki inchi moja moja. Simamisha ubao ulionyooka kando ya gurudumu, pima kwa futi ya chuma mbele na nyuma, uandike. Tofauti ikizidi kadiri unavyoinua, tairodi yako bado haijapatana na mkono. Hivi ndivyo tulivyofanya sisi, na kijana mmoja ndiye aliyekuwa anaandika hesabu.

Basi tulirudi kwa tajiri na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukata springi, kama alivyoandika yeye. Ya pili ilikuwa kazi yote: springi fupi, shoki mpya, vipande vya kurudisha pembe, bushi mpya, kupima magurudumu, na saa za kazi za mafundi wawili kwa siku mbili. Tukamwambia kwa heshima: “Bwana, ya kwanza hatutaifanya. Ya pili tutaifanya, lakini kwa inchi moja na robo, si tatu.” Alikasirika. Mwenye gari naye alikasirika alipokuja. Tukamchukua chini ya gari, tukamwonyesha ule mkono kwa kidole. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: “Kwa nini hakuna aliyeniambia haya?” Siku ya tatu akalipa bei ya kazi yote.

JAMBO LA KIJANA WETU

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta hapa hasa. Si zuri kusema, lakini tukilificha tutakuwa tumewadanganya.

Mwaka 2016 wawili katika sisi tulikuwa katika gereji nyingine. Hatutaitaja. Ilikuja motokaa ya nguzo kama hii, ya kukatwa springi. Gereji haikuwa na vibano vya springi. Vilikuwa vimeharibika, na tajiri alisema vipya vitakuja mwezi ujao. Akasema tufunge mnyororo. Fundi mkubwa alifunga mnyororo kuzunguka springi mara mbili, akatia bolti moja kuushika. Kijana mwanafunzi wa kazi, wa miaka 19, aliambiwa afungue ile nati ya katikati juu ya nguzo.

Ndugu, fikirini. Motokaa ya tani moja, kila gurudumu la mbele lina karibu robo ya uzito huo juu yake, yaani kilo 200 na zaidi. Springi ndiyo ibebayo. Hata ukiinua gari kwa jeki na gurudumu likaning'inia, springi haijalegea. Imebanwa bado kati ya viti vyake, na nati ile ya katikati ndiyo inayoizuia. Nati ikatoka. Mnyororo ukateleza. Kiti cha juu kiliruka mpaka kwenye mabati ya paa. Kabla ya kufika huko kilipita juu ya mkono wa kijana.

Mifupa miwili ya mkono ilivunjika, na vidole viwili havikukunja tena. Alipelekwa hospitali katika gari la mteja. Mshahara wake ulisimama siku ile ile. Tajiri alisema: “Huyu si mfanyakazi. Huyu ni mwanafunzi tu.” Na sisi tuliosimama pale tukaamini. Hilo ndilo lituumalo mpaka leo. Hatukuandika barua. Hatukuandika jina la shahidi. Hatukuja ofisi ya chama. Tulichanga shilingi chache tukampa, akarudi kwao.

Baadaye ndipo katibu wa chama alipotusomea sheria. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamhesabu mwanafunzi wa kazi kuwa ni mfanyakazi. Twarudia: mwanafunzi wa kazi ni mfanyakazi. Alikuwa na haki yake. Tena sheria nyingine ya mwaka ule ule, ile ya Usalama na Afya Kazini, yasema kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa, aripoti kwa msimamizi wake. Na mpaka hatari hiyo iondolewe, mwenye kazi hana ruhusa ya kumrudisha pale. Yote hayo yalikuwa yameandikwa. Kilichokosekana ni sisi kujua, na sisi kusema. Tulipojua, kijana alikuwa amekwisha kwenda, wala hapakuwa na karatasi hata moja ya kumsaidia.

Sasa mwaelewa kwa nini tuliikataa ile karatasi ya kwanza ya 240Z. Hatukuwa wajeuri. Tulikuwa tunamkumbuka yule.

NAMNA YA KUFUNGUA SPRINGI

Vijana, haya mwandike katika daftari zenu.

Gari lisimame juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Magurudumu ya nyuma yatiwe kabari.

Nati ya katikati juu ya nguzo isiguswe kwanza. Zile tatu za kando hufunguliwa ili nguzo yote itoke nje ya gari, ikiwa na springi yake.

Vibano viwe viwili, vya namna moja, vikielekeana kila upande wa springi. Meno yake yashike mizunguko mingi iwezekanavyo. Kibano chenye skrubu iliyolika au iliyopinda hutupwa. Hakiwekwi kando kwa kazi nyingine.

Kaza upande huu kidogo, kisha upande wa pili kidogo, kwa mkono. Usitumie mashine ya upepo. Springi ikianza kupinda kama ndizi, simama, legeza, anza upya.

Nati ya katikati hufunguliwa tu wakati springi imekwisha kulegea katika viti vyake, hata waweza kuizungusha kwa vidole.

Kichwa cha nguzo kielekezwe ukutani. Pasiwe na mtu mbele yake wala nyuma yake. Miwani iwe machoni, si juu ya paji la uso.

Haya yote yachukua nusu saa zaidi. Mkono wa mtu wachukua miaka 19 kukua.

MAOMBI YETU

Ndugu Mwenyekiti, twaleta haya manne, na twaomba yapigiwe kura leo.

La kwanza, kila gereji yenye wanachama wetu iombwe kwa barua ya chama iwe na jozi mbili za vibano vya springi vilivyo vizima, na mtu mmoja awe mkaguzi wake kila mwezi.

La pili, mwanachama asifungue springi kwa mnyororo, waya wala kamba, hata akiamriwa na nani. Akikataa, wenzake wote wakatae pamoja naye. Mtu mmoja akikataa huitwa mvivu. Watu kumi wakikataa huitwa mkutano.

La tatu, kazi ya kushusha motokaa iandikwe bei yake yote tangu mwanzo, pamoja na kupima magurudumu. Bei ya kukata springi ndiyo inayomfanya fundi akimbie, na kukimbia ndiko kunakomvunja.

La nne, kila mwanafunzi wa kazi aandikwe jina katika daftari la tawi siku ile aanzapo, na kila ajali, hata ndogo, iandikwe siku ile ile pamoja na jina la shahidi, saa na mahali. Karatasi moja ya siku ile ni bora kuliko machozi ya mwaka mzima.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu twaujua ulipo. Yule kijana hatuwezi kumrudishia vidole vyake. Lakini wako vijana wengine waliokaa katika viti vya nyuma hapa leo, mikono yao mizima, daftari mapajani. Hao twaweza kuwalinda, nao ndio watakaoshika spana sisi tutakapoziweka chini.

Tumekwisha. Yeyote aliye na swali juu ya springi au juu ya sheria na aulize sasa, kabla hatujapiga kura.